Orodha Moja ya Ada, Sura Nyingi

Haya ni maelezo ya afisa wa uchapishaji wa kaunti kwa wananchi na wafanyabiashara wa soko, katika kikao kilichofanyika kwenye ukumbi wa wadi. Yamefupishwa kidogo.

Nimeombwa nieleze jinsi tunavyotayarisha hati mnazoziona ubaoni, kwenye tovuti na kwenye simu zenu. Najua wengine wamekuja kwa ajili ya choo cha soko na taa za barabarani. Hayo yana mwenyewe, atazungumza baada yangu.

Nianze na kosa, na kosa lenyewe ni langu.

Mwaka wa fedha uliopita, Mswada wa Fedha ulipokuwa mbele ya Bunge la Kaunti, ada ya siku kwa mtu anayeuza bidhaa chini, bila kibanda, ilipendekezwa iwe shilingi 50. Mlilalamika kwenye vikao vya ushirikishaji wa umma, kamati ikawasikia, na sheria ilipopita ada ikabaki shilingi 30. Wakati huo ofisini kwetu orodha ya ada ilikuwa inaishi katika faili sita. Kulikuwa na faili iliyotoka idara ya fedha, PDF ya kuchapishwa, ukurasa wa tovuti, bango la soko, picha ya kutumwa kwenye WhatsApp, na karatasi ndogo wanayobeba wakusanya ushuru. Kila moja ilitengenezwa kwa kunakili na kubandika kutoka kwa nyingine. Habari ya mabadiliko iliponifikia nilirekebisha nne. Bango nikalisahau. Karatasi ya wakusanya ushuru sikujua hata iko kwenye kompyuta ya nani.

Basi bango likasema 50, karatasi ikasema 50, tovuti ikasema 30. Mama mmoja muuza nyanya alisomewa ile ya tovuti na mwanawe, akakataa kulipa 50. Mkusanya ushuru naye alikuwa na karatasi yenye nembo ya kaunti mkononi, na kwa upande wake alikuwa anatekeleza kazi aliyopewa. Nyanya zikabebwa, zikakaa nyuma ya ofisi hadi alasiri. Zilirudishwa, na pesa alizokuwa amelipa zaidi siku za nyuma zikarudishwa pia, lakini nyanya iliyoiva haingoji barua ya kuomba radhi. Na wako wengine waliolipa shilingi 20 za ziada kila siku ya soko bila kubishana. Kwa siku sita za wiki hiyo ni shilingi 120, bei ya unga na kitu juu yake.

Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema kodi au ada ya leseni haiwezi kutozwa, kusamehewa wala kubadilishwa ila kwa mujibu wa sheria. Bango langu halikuwa sheria. Lakini mbele ya kikapu cha nyanya, bango ndilo lililokuwa na nguvu.

Baada ya hapo tulijiuliza kwa nini tuwe na orodha sita ilhali ada ni moja. Tungeweza kuapa kuwa waangalifu zaidi. Tulikuwa tumeapa mwaka uliotangulia pia. Tukaona afadhali tubadilishe namna ya kuandika.

Mtu akiandika hati kwa programu ya kawaida ya kuandikia, huandika neno Masoko, akalikoza, akaongeza ukubwa wa herufi. Wewe ukiliona unajua ni kichwa cha sehemu. Kompyuta haijui. Inaona herufi nene tu, na kwake zinaweza kuwa kichwa, jina la mtu au onyo. Ni kama magunia matatu ghalani yaliyofungwa bila kuandikwa kitu. Aliyeyafunga anajua lipi ni la mahindi na lipi ni la ndengu, lakini siku akiwa hayupo, anayekuja atalazimika kuyafungua yote.

Sasa tunaweka lebo. Katika faili chanzo hatuandiki unene wala rangi wala ukubwa. Tunaandika kila kitu ni nini. Hii ni sehemu, hili ni jina la huduma, hiki ni kiasi, hiki ni kipindi, yaani kwa siku, kwa mwezi au kwa mwaka, na hiki ni kifungu cha sheria kinachoruhusu ada hiyo. Lebo moja hufungua, nyingine hufunga, na neno lenyewe hukaa katikati. Utaratibu huo huitwa XML, na kanuni zake zilitangazwa na shirika la W3C mwezi Februari 1998. Lebo zenyewe unaweza kuzitunga kwa lugha unayoitaka. Zetu ni za Kiswahili, kwa hiyo karani mpya akifungua faili hahitaji mtu wa kumfasiria.

Nikiri kwamba faili hiyo peke yake haipendezi. Ukiichapa jinsi ilivyo utapata msitu wa alama, na hakuna atakayeibandika ukutani. Kinachoifanya isomeke ni faili ya pili, ambayo mafundi huiita stailishiti. Mimi nitaiita faili ya mtindo. Ndani yake hamna ada hata moja. Mna maagizo tu. Ukikuta kichwa cha sehemu, kiandike kwa herufi kubwa na uache nafasi chini yake. Ukikuta huduma, anza mstari mpya wa jedwali. Ukikuta kiasi, kisogeze kulia na utangulize neno shilingi. Programu husoma faili zote mbili, inapita kwenye chanzo kutoka juu hadi chini, na kila ikikuta lebo inatafuta agizo linaloihusu na kulitekeleza. Maagizo haya huandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo XSLT, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka Novemba 1999, na programu za kuyatekeleza zipo za bure. Hatukununua chochote.

Waliowahi kufyatua matofali wameshanielewa. Udongo ni mmoja, na kalibu ndiyo inayoamua tofali litoke na umbo gani. Ukitaka tofali la ukuta na tofali la mapambo unabadilisha kalibu. Huchimbi udongo mara mbili. Sisi tuna chanzo kimoja na kalibu sita.

Ya kwanza ni ya kuchapisha kwenye karatasi, na ndiyo iliyotusumbua kuliko zote. Karatasi ina mwisho, ukurasa wa tovuti hauna. Lazima useme pambizo ni pana kiasi gani, namba ya ukurasa ikae wapi, na jedwali likikatika katikati, vichwa vya safu virudiwe juu ya ukurasa unaofuata ili msomaji asianze kuhesabu safu kwa kidole. Kwa hiyo kazi hii huenda kwa hatua mbili. Mtindo hugeuza chanzo kuwa maelezo kamili ya kurasa, kwa lugha inayoitwa XSL-FO, kisha programu nyingine huyageuza maelezo hayo kuwa PDF. Sisi tunatumia Apache FOP, ambayo pia ni ya bure.

Ya pili ni ya simu. Jedwali la safu tano kwenye simu ndogo ni taabu, unavuta kulia kutafuta kiasi, ukikipata umesahau ulikuwa unasoma huduma ipi. Kwa hiyo mtindo wa simu hauchori jedwali kabisa. Unaandika jina la huduma, chini yake kiasi na kipindi, kisha huduma inayofuata. Faili inatoka nyepesi, haimalizi bando la mtu.

Ya tatu ni karatasi ya mkusanya ushuru. Hapa mtindo unafanya kazi ya kuchagua. Unachukua sehemu ya masoko peke yake na kuacha leseni za baa, maegesho na ada za mazishi. Mnaona tofauti na zamani? Zamani mtu alikuwa anakaa akipunguza mistari kwa mkono, na akifuta mmoja zaidi hakuna wa kugundua. Bango la soko ni la nne, na picha ya WhatsApp hupigwa kutoka kwenye bango hilohilo. Maandishi makubwa kwa wazee ni ya tano.

Ya sita ni ya redio, na hiyo naipenda mimi binafsi. Mtangazaji hawezi kusoma jedwali hewani. Mtindo huo hugeuza kila mstari kuwa sentensi: ada ya kibanda kimoja kwa siku ni shilingi kadhaa. Mwanzoni ulituaibisha. Ulikuwa unatoa kibanda moja, mkokoteni moja, gari moja, kwa sababu fundi aliuandika kama vile lugha haina ngeli. Mtangazaji alikataa kusoma, na alikuwa na haki. Sasa kila huduma kwenye chanzo ina lebo inayotaja ngeli yake, na mtindo unachagua kimoja, mmoja au moja inavyostahili.

Kiswahili kilitufundisha mengine pia. Programu za kupanga kurasa huwa zinakata maneno marefu mwisho wa mstari, na zisipoambiwa lugha ni ipi huweza kukata kwa kanuni za Kiingereza. Tulipata PDF yenye "mwan" mwisho wa mstari na "anchi" mwanzo wa mstari unaofuata. Tulizima ukataji wote. Safu zetu zina pengo kidogo upande wa kulia, lakini mwananchi anabaki mzima.

Msidhani haya ni mambo mapya tuliyoyagundua sisi. Wazo la kutenganisha maneno na sura yake lilianza kufanyiwa kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani mwaka 1969, na likawa kanuni ya kimataifa, SGML, mwaka 1986. Waandishi wa vitabu vya ufundi ndio walioling'ang'ania, kwa sababu kitabu cha kutengeneza mashine hubadilika kila sehemu fulani ya mashine inapobadilika. Mwaka 1991 ilianzishwa DocBook, seti ya lebo za vitabu vya kompyuta, na mitindo yake ya XSLT inapatikana bure hadi leo. Vitabu vya matengenezo ya ndege vina kanuni yao, S1000D. Fundi wa ndege akisoma kipimo cha zamani, hasara yake ni kubwa kuliko kikapu cha nyanya.

Kwa upande wa sheria, Afrika haiko nyuma. Upo mfumo wa lebo za hati za bunge na sheria unaoitwa Akoma Ntoso, jina la Kiakan kutoka Afrika Magharibi, maana yake mioyo iliyounganishwa. Ulianzia katika mradi wa Umoja wa Mataifa wa kusaidia mabunge ya Afrika, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bologna nchini Italia wakaujenga, na mwaka 2018 shirika la OASIS likaupitisha kuwa kanuni ya kimataifa. Ukifungua sheria kwenye tovuti mpya ya Kenya Law, angalia anwani iliyo juu ya ukurasa. Utaona herufi akn, kisha ke. Hiyo akn ni Akoma Ntoso, na ke ni sisi. Ndani ya mfumo huo kila kifungu kina lebo yake, ndiyo maana mtu anaweza kukutumia kiungo cha kifungu kimoja badala ya kukuambia utafute ukurasa wa 47.

Kuna mkazi mmoja asiyeona aliyetuambia jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria. Simu yake humsomea ujumbe na magazeti kwa sauti, lakini akifungua hati zetu inanyamaza. Tulipochunguza tukaona hati zilikuwa zimechapwa, zikatiwa sahihi, kisha zikapitishwa kwenye skana na kuwekwa kwenye tovuti. Kwa macho ni maandishi. Kwa simu ni picha, sawa na picha ya ukuta. Sasa tunaweka ile yenye sahihi kwa ajili ya kumbukumbu, na kando yake tunaweka ile iliyotoka kwenye chanzo. Kwa kuwa vichwa vina lebo ya kichwa, simu yake inaruka kutoka kichwa hadi kichwa, haimlazimishi kusikiliza kurasa thelathini ili kufikia leseni ya duka. Mashine ya kuchapa breli hatuna. Chanzo kikiwa safi, mwenye mashine anaweza kukigeuza, na Kifungu cha 7 cha Katiba kinaitaja breli kwa jina, kwa hiyo hilo ni deni tunalolijua.

Sasa niseme upande wa pili, maana nikiacha hapa nitakuwa nimewauzia mbuzi kwenye gunia.

Mtindo haujui kama ada ni sahihi. Ukiandika 300 mahali pa 30 kwenye chanzo, kosa hilo litafika kwenye bango, simu, karatasi na redio kwa pamoja, likiwa limepangwa vizuri na lina nembo. Zamani angalau nakala zilipishana na mtu akashtuka. Sasa zitakubaliana zote kwa uongo uleule. Hilo lilinikosesha usingizi. Tulichofanya ni kuweka ulinzi kwenye chanzo. Kuna faili ya kanuni inayokagua kwamba kila huduma ina kiasi, kwamba kiasi ni namba na si herufi O iliyokaa mahali pa sifuri, na kwamba kila ada imetajiwa kifungu chake cha sheria. Kikikosekana kimoja, programu inakataa kutoa chochote. Lakini namba 300 ni namba halali, itapita. Kwa hiyo watu wawili, mmoja wa fedha na mmoja wa ofisi ya karani wa Bunge la Kaunti, hukaa na sheria iliyopitishwa mkononi, mmoja anasoma kwa sauti na mwingine anafuata kwa kidole. Ni njia ya kizamani na hatuna mpango wa kuiacha.

Wala mtindo hautafsiri. Wako waliotuuliza kwa nini hati fulani imetoka kwa Kiingereza kwanza, kama mashine ni ya ajabu hivyo. Maneno ya Kiswahili yanaandikwa na mtu, na mtu huyo tunaye mmoja. Tulichoweza ni kuweka Kiswahili na Kiingereza vya huduma moja ndani ya lebo moja, na kiasi kikiwa kimeandikwa mara moja tu kwa lugha zote mbili. Tafsiri inaweza kuchelewa au kuwa na neno lisilopendeza, lakini ada ya Kiswahili haiwezi tena kupishana na ya Kiingereza.

Na kuna hati nyingi bado hazijaingia. Kuweka lebo kwenye orodha ya ada pekee kulituchukua wiki kadhaa, na hiyo ni hati iliyonyooka. Mpango wa maendeleo wa kaunti una majedwali ndani ya majedwali, na kila idara inaleta kwa mtindo wake. Ripoti za bajeti tumeanza. Kumbukumbu za vikao vya wadi hatujagusa.

Jambo jingine mlijue. Bango, tovuti na simu vyote ni vya kuwarahisishia. Kifungu cha 199 cha Katiba kinasema sheria ya kaunti haianzi kutumika hadi ichapishwe katika Gazeti Rasmi. Mkibishana na mtu kuhusu ada, hapo ndipo pa kuishia. Na ukitaka kuona hati yoyote ambayo hatujaiweka hadharani, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza. Kuwasilisha ombi hakutozwi ada, gharama inayoweza kutozwa ni ya kutoa nakala, na ofisi inatakiwa ikujibu ndani ya siku 21. Asiyeweza kuandika anapaswa kusaidiwa na afisa husika. Usikubali kurudishwa nyumbani kwa sababu hukuja na barua.

Nimalizie na kitu kidogo cha kuangalia. Chini kabisa ya kila nakala mpya kuna mstari wa herufi ndogo wenye namba ya toleo na tarehe. Hakuna mtu anayeuandika mstari huo. Unatoka kwenye chanzo wenyewe, na mitindo yote imeagizwa kuuweka; hata mtangazaji wa redio anausoma mwishoni. Ukiona bango lina toleo la 3 na simu yako inaonyesha toleo la 4, basi bango limepitwa, hata kama rangi yake bado inang'aa. Lipige picha, uipeleke kwa Msimamizi wa Wadi, na sisi tutalibandua. Ukionyeshwa karatasi ya ada isiyo na mstari huo, omba kuonyeshwa yenye mstari kabla ya kulipa.

Nimeleta nakala 20 za maandishi makubwa, ziko mezani karibu na mlango, naomba wazee wachukue kwanza. Mama wa nyanya mwenyewe yuko hapa, safu ya pili, na amenyoosha mkono tangu nilipotaja kosa langu. Mwenyekiti, naomba aanze yeye.